Gari la wagonjwa linasikia, lakini halisikiki

Mhariri,

Halmashauri inapopokea gari jipya la wagonjwa, simu ya upepo hujaribiwa kwa kuiwasha tu. Sauti ya kituo cha mawasiliano ikisikika, hati zinatiwa saini. Jaribio hilo halitoshi. Kupokea sauti hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya ampia 1. Kurusha kwa wati 50 kunataka ampia 11 hadi 13. Kama fundi amedokoa umeme kwenye waya mwembamba wa redio ya muziki, dereva akibonyeza kitufe cha kuongea volti zinaporomoka, na kituoni wanapata mkwaruzo. Dereva anadhani anapuuzwa, kumbe hajasikika, na mama mjamzito yumo nyuma.

Waya wa simu ya upepo utoke kwenye betri yenyewe, unene wa milimita za mraba 6. Fyuzi ya ampia 20 ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja, maana waya ukichubuka kabla ya fyuzi gari linaweza kuungua. Kisha pima volti nyuma ya simu ya upepo, injini ikiunguruma na kitufe kikiwa kimebonyezwa. Zikishuka chini ya 12.5, gari lisipokelewe.

Makosa mengi yako kwenye antena. Kwa masafa ya megahezi 150, robo ya urefu wa wimbi ni sentimita 50, na ufito wa antena hukatwa kama 48. Nusu ya pili ya antena ni bati la paa, kwa hiyo mahali pake ni katikati ya paa. Ikifungwa kwenye bampa, bodi huziba mawimbi upande mmoja. Wengi huogopa kutoboa gari jipya, lakini tundu lenye gasketi nzuri halivuji.

Adui wa polepole ni maji. Plagi ya antena iliyozungushiwa utepe wa umeme peke yake huachia kwa jua, mvua inaingia, na shaba iliyosukwa ndani ya waya inageuka kijani. Ukiona ukijani huo usisugue. Badilisha waya wote.

Tunaomba hati ya makabidhiano iwe na namba mbili: volti wakati wa kurusha, na wati zinazorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa hewani. Zikienda 50, zisirudi zaidi ya 2. Na gari lipelekwe kwanza hadi zahanati ya mbali kabisa wilayani, dereva aongee, na mtu wa kituoni ndiye aandike alichosikia.

Fundi wa simu za upepo,
Morogoro