Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka niwaletee taarifa hii kabla ya mkutano mkuu, ili mfike ukumbini mkiwa mmeshaisoma na mmeshajiandaa kubishana. Habari za uanachama na fedha nazipita upesi. Tumeongezeka kidogo, ada zinaingia kwa kusuasua, na mhazini atasoma hesabu zake mwenyewe. Kilichokula vikao vya kamati mwaka mzima ni nguzo ya kati, ile inayosimama ubavuni mwa gari nyuma ya mlango wa mbele, kwa kuwa chama chetu ni cha magari yasiyo nayo.

Mjadala uliletwa na fomu mbili za maombi ya uanachama. Moja ilitoka kwa mwenye Chevrolet Chevelle ya 1973. Nyingine ilitoka kwa mwenye Toyota Mark II ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ile ambayo kiwanda chenyewe kiliiuza kwa jina la hadtopu, jina la magari ya paa la bati yasiyo na nguzo hiyo. Magari yote mawili yana milango ambayo vioo vyake havina fremu. Ukishusha kioo, mlango unabaki na ukingo wa bati tu. Lakini nyuma ya kioo hicho nguzo imesimama palepale, kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Kamati iligawanyika. Wapo waliosema jina la kiwandani linatosha. Wapo waliosema, kwa sauti ambayo sitaiiga hapa, kwamba nguzo ni nguzo hata ukiipaka rangi nyeusi.

Mimi niko na hawa wa pili. Kwa faida ya wanachama wapya, gari lililotukusanya ni lile ambalo vioo vyote vya ubavuni vikishashuka, hakibaki kitu kati ya nguzo ya kioo cha mbele na nguzo ya nyuma ya paa. Paa linaonekana kuelea. Abiria wa nyuma anaona barabara yote ya pembeni bila kukatwa na bati. Ukiondoa sifa hiyo, chama hiki kinakuwa chama cha magari ya zamani kwa jumla, na vyama vya namna hiyo viko tele.

Historia yake mnaijua, ila naikumbusha kwa sababu ina jibu la mabishano yetu. Chrysler walijaribu mapema: mwaka 1946 waliunda magari saba ya Town & Country yasiyo na nguzo, wakaishia hapo. Walioligeuza wazo kuwa biashara ni General Motors (GM), mwaka 1949, kwa Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile 98 Holiday. Mwanzo ulikuwa mdogo. Coupe de Ville za mwaka ule zilikuwa 2,150 tu. Husimuliwa kwamba aliyechochea wazo ni mke wa Edward Ragsdale, mhandisi wa Buick: alipenda magari ya paa la kukunja, lakini hakulikunja hata siku moja, asije akaharibu nywele. Kisa kitamu. Cha kihandisi ni kwamba kiwanda kilikuwa tayari na bodi za magari ya paa la kukunja, zilizoimarishwa upande wa chini kwa kuwa hazikuwa na paa la kuzishikilia. Juu ya bodi ya aina hiyo, paa la bati lisilo na nguzo ya kati liliwezekana bila kuanza upya. Mwaka 1955 Buick na Oldsmobile wakaongeza gari la milango minne, na mwaka 1956 Rambler wakatoa hata steshenwagoni ya namna hiyo.

Wanachama wanaodhani jambo hili ni la Marekani peke yake wamtazame Lancia, kiwanda cha Italia. Aprilia yake ya 1937 haikuwa na nguzo ya kati, milango yake ilifunguka kama ya kabati, na bodi yake haikukaa juu ya chesisi tofauti, yaani fremu ya chuma ya chini. Kwa hiyo ile kauli inayorudiwa kila tukikutana, kwamba bila chesisi nzito hakuna gari la aina hii, si ya kweli. Inawezekana, ila uzito na chuma unachokitoa katikati lazima ukirudishe mahali pengine, kwenye kizingiti cha mlango, sakafuni na kwenye kingo za paa. Japani nayo iliingia: Toyota Corona ya milango miwili mwaka 1965, na baadaye sana Carina ED ya 1985, ya milango minne.

Nije kwenye kilichoyaua magari haya. Wengi wetu hupenda kusema ni serikali ya Marekani na kanuni zake. Kauli hiyo inatustarehesha kwa sababu inatupa adui mwenye jina. Ni kweli kwamba kanuni namba 216, ya uimara wa paa, ilianza kutumika Septemba 1973, ikitaka paa lihimili mara moja na nusu ya uzito wa gari, au pauni 5,000, lolote lililo dogo. Ni kweli pia kwamba GM, wakihofia masharti ambayo yangeweza kufuata, waliyapa magari yao ya ukubwa wa kati ya mwaka huo huo nguzo ya kati, na Chevelle ya mwombaji wetu ni mojawapo. Lakini Chrysler waliendelea kuuza Newport na New Yorker zisizo na nguzo hadi 1978. Kama sheria ingekuwa imezipiga marufuku, zisingekuwepo kwenye maduka ya magari miaka mitano baadaye.

Kwa maoni yangu kiyoyozi kilifanya kazi kubwa kuliko sheria. Faida ya gari letu inaonekana vioo vikiwa chini. Mnunuzi aliyelipia kiyoyozi anaendesha vioo vikiwa juu, na vikiwa juu, gari lisilo na nguzo linabaki na hasara zake zote: upepo unapiga mluzi mahali vioo viwili vinapokutana, maji yanapenya kwenye raba, bodi inajipinda barabara ikiwa mbovu. Kiwanda kinalipa zaidi kuunda kitu ambacho mteja hakifungui. Hapo mhasibu hahitaji kusukumwa na serikali.

Kuna jambo lililotusumbua zaidi mwaka huu, nalo ni lugha tunayoitumia juu ya magari ya leo. Baadhi yetu huyaita makopo. Mwanachama mmoja alituletea kikaoni ile video ya mwaka 2009 ya taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama barabarani, ambapo Chevrolet Bel Air ya 1959 iligonganishwa uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, akitaka tujadili. Nawashukuru waliokaa hadi mwisho. Nguzo ya mbele ya Bel Air iliporomoka, usukani ukamfuata dereva, na chumba cha abiria kikajikunja. Kwenye Malibu chumba kilibaki na umbo lake. Na tuangalie vizuri: Bel Air ile ilikuwa sedani, yenye nguzo ya kati. Magari tunayoyapenda ni ya enzi hiyo hiyo, pungufu ya nguzo hiyo. Hatuwezi kulijua hilo halafu tukamdhihaki fundi michoro wa leo kwa kuweka chuma.

Nguzo ya kati ya leo si kipande cha bati cha kushikilia paa. Mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kilichopashwa moto na kukandamizwa kwenye kalibu hadi kikawa kigumu kupita kiasi, kwa ajili ya siku ambayo gari litagongwa ubavuni, mahali ambapo kati ya bega la abiria na gari lililomgonga hakuna nafasi ya kutosha. Hapo hapo hufungwa bawaba za mlango wa nyuma na mkanda wa dereva. Kanuni ya paa ya Marekani iliboreshwa mwaka 2009 hadi mara tatu ya uzito wa gari. Kuondoa nguzo katika mazingira hayo kunawezekana kwa mwenye fedha tu, na ndiyo maana kwa sasa utaikosa kwenye Bentley Continental GT au Rolls-Royce Spectre, magari ya milango miwili ambayo wanunuzi wake hawaulizi gharama ya kizingiti.

Kinachonichekesha ni kwamba tatizo la zamani, la kuvuja, limeshatatuliwa. Kwenye gari la leo lenye kioo kisicho na fremu, ukishika kitasa kioo hushuka kidogo chenyewe, na mlango ukifungwa hupanda na kuingia ndani ya raba. Laiti Buick wangekuwa na mota ndogo yenye akili namna hiyo mwaka 1949! Wao walitegemea skrubu, reli na uvumilivu wa mwenye gari.

Je, hatuna la kulalamikia? Tunalo, na hapa naomba tusimame imara. Magari ya sasa yamefunga mwono kuliko usalama unavyodai. Nguzo za mbele zimenenepa kiasi cha kumficha mtu anayevuka, mstari wa chini wa madirisha umepandishwa hadi begani, na dirisha la nyuma limekuwa mwanya. Sehemu ya hilo ni chuma cha kuokoa maisha, na siipingi. Sehemu nyingine ni mtindo tu: gari lenye madirisha membamba huonekana lenye nguvu, basi wachoraji wanayabana. Kamera ya nyuma, iliyo lazima kwa magari mapya Marekani tangu Mei 2018, ni msaada mkubwa, lakini isiwe kisingizio cha kuziba kioo. Kama chama kina neno la kuwaambia wachoraji, liwe hili, na tuliseme bila kuongeza matusi.

Sasa mikanda. Marekani ilianza kudai mikanda ya bega kwa viti vya mbele vya magari mapya Januari 1968, na kwenye magari yetu ilining'inizwa kwenye ukingo wa paa kwa sababu nguzo haikuwepo. Yaliyotangulia hayana, au yana mkanda wa kiunoni tu. Kamati ilikagua kazi za wanachama na kuona vitu vya kutisha: nati iliyofungwa kwenye bati jembamba la paa bila bamba la kuimarisha, na viti vya gari jipya vyenye mkanda ndani yake vilivyofungwa kwenye sakafu ya kale. Viti hivyo ni wazo zuri; BMW ya Mfululizo wa 8, iliyoanza 1989 bila nguzo ya kati, ilivitumia. Ila mkanda ukiwa ndani ya kiti, mshtuko wote unaishia kwenye boliti za kiti, na sakafu ya 1955 haikuundwa kwa mzigo huo. Anayetaka kuvitumia aimarishe sakafu kwanza, na kazi ikaguliwe na fundi asiyekuwa yeye mwenyewe.

Siku ya mafunzo ya vioo na raba ilijaza banda, na wengi wameomba irudiwe. Narudia hapa mpangilio wa kazi kwa waliokosa, kwa maana bado tunapokea magari ambayo vioo vyake vimepasuka kwa haraka ya mwenyewe. Anza na bawaba: mlango ukae sawa kwenye nafasi yake kabla hujagusa kioo. Kisha raba mpya zote ziingie, ndipo kioo cha mlango kirekebishwe kufuata ukingo wa paa na nguzo ya mbele. Kioo cha ubavu wa nyuma huja mwisho, kikifuata kile cha mlango, kamwe si kinyume chake. Raba mpya ni ngumu na mlango utakataa kufunga vizuri. Uache ukae na raba zake kwa muda kabla ya kushika skrubu tena. Anayeanza kuzungusha skrubu siku ya kwanza huishia kuzizungusha zote.

Upatikanaji wa raba zenyewe umekuwa mgumu, hasa za milango minne, ambazo watengenezaji huziacha nyuma kwa kuwa wengi wanaofufua magari haya huchagua milango miwili. Mtengenezaji tuliyezungumza naye yuko tayari kutoa za milango minne iwapo tutaagiza kwa pamoja na kumpa sampuli asilia zisizojikunja.

Mkutano utaombwa kuamua mambo matatu. Kwanza, maana ya gari letu ibaki kama ilivyo, lakini tufungue uanachama mshiriki, usio na kura, kwa wenye magari yenye nguzo na vioo visivyo na fremu; hivyo Chevelle na Mark II zije kwenye maonyesho, zipangwe safu yao. Najua wapo watakaoona nimelegea. Pili, gari lisilokaguliwa mikanda lisibebe abiria kwenye misafara ya chama, hata kama mwenye gari ni mjumbe wa kamati. Tatu, tuidhinishe agizo la pamoja la raba.

Katibu wetu ameomba kupumzika baada ya utumishi mrefu, na nafasi yake itajazwa kwa kura. Wenye sampuli za raba za milango minne wazilete siku hiyo zikiwa zimelazwa bapa, zenye lebo ya gari na upande.

Mwenyekiti