YAH: Msaidizi wenu kuchora upya kipande nilichomwagiza akitoe kwenye maktaba

Karakana ya vyuma, Pasua,
Moshi.
18 Agosti

Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nina karakana ya vyuma hapa Pasua, na huu ni mwaka wa tatu nalipia leseni ya programu yenu ya uchoraji. Tunaunda mashine za kumenya kahawa mbivu kwa wakulima wa mlimani. Kilichonivuta kwenu ni maktaba ya vipande: nichore kitu mara moja, nikipime, nikihifadhi, kisha nikiite kila ninapokihitaji kwa kubadilisha namba moja tu.

Kipande ninacholalamikia ni kiti cha beringi, yaani kishikio cha chuma kinachofungwa kwa bolti kubeba beringi na shafti yake, cha aina hizi za UCP ambazo kila duka la vipuri mjini linazo. Nilikichora mwenyewe kwa jioni kadhaa, katalogi mezani na venia, kile kipimio cha milimita, mkononi. Nikakiwekea jedwali. Ukiandika shafti ya milimita 25, kinachukua vipimo vya UCP 205: kimo cha 36.5 kutoka kitako hadi katikati ya shafti, na 105 kutoka tundu moja hadi la pili. Ukiandika 30, kinahamia UCP 206: kimo 42.9, matundu 121. Namba hizi hazipandi kwa uwiano. Zimepangwa hivyo na watengenezaji wa beringi, na ndiyo maana niliweka jedwali badala ya fomula.

Julai chama kimoja cha msingi cha Kibosho kiliagiza mashine mbili za mota. Za zamani ni za kuzungusha kwa mkono na shafti yake ni 25, nami nikaona kwa mota iwe 30. Nikamwandikia msaidizi wenu wa akili mnemba: "Niletee kiti cha beringi kutoka kwenye maktaba yangu, shafti 30." Akajibu kwamba kipande kimepakiwa. Jina lililokuja kwenye mchoro lilikuwa la kipande changu, kwa hiyo nikaendelea na kazi.

Kumbe hakupakia chochote. Alichukua umbo la 25 akalizidisha mara 1.2 pande zote: 105 ikawa 126, na 36.5 ikawa 43.8. Baadaye nilipolifungua umbo lenyewe nilikuta bonge tupu, halina jedwali, halina hata parameta moja, yaani namba ya kubadilisha, halina uhusiano wowote na maktaba.

Mtaniuliza kwa nini hatukuona mapema. Bamba za kitako tulizipeleka Arusha kukatwa kwa plazma kwa kufuata mchoro huo. Kosa la matundu ni milimita tano, mbili na nusu kila upande, na matundu ya kiti cha UCP yana urefu kidogo kwa ajili ya kurekebishia. Vijana wangu wakazisukuma bolti mpaka mwisho wa nafasi, zikaingia. Kosa la kimo halikuwa na pa kujificha. Beringi halisi iliikalisha ngoma, silinda inayozunguka kumenya kahawa, chini kwa milimita 0.9 kuliko mchoro ulivyosema, na kifua cha mashine, bamba lililo upande wa chini wa ngoma ambalo kahawa hubanwa dhidi yake, tulikuwa tumeshakichomelea kwa kipimo cha mchoro. Nafasi ya kupitisha punje ikabana. Siku ya majaribio, mbele ya wakulima wenyewe, punje zilitoka zimepasuka na kuchubuka. Mkulima wa kahawa akiona punje iliyopasuka anaona daraja lake linashuka, na huu ni msimu wa kuvuna. Kahawa iliyoiva haisubiri fundi arekebishe mashine. Tulikata vifua vyote viwili tukaanza upya, kwa gharama yangu.

Nilipowaandikia mara ya kwanza mlinijibu kwamba msaidizi anaweza kukosea na kwamba mtumiaji ahakiki matokeo. Jibu hilo limeniumiza kuliko hasara yenyewe. Kipande cha maktaba ni kipande nilichokwisha kukihakiki, na kazi ya maktaba ni kuniondolea uhakiki wa mara ya pili. Kama nitapima upya kila kitu ninachokitoa humo, maktaba ya nini? Tena sikumwomba abuni. Nilimwomba alete. Angesema "sikukipata" au "siwezi kusoma jedwali hili", ningekitafuta mwenyewe kwa dakika moja.

Naomba msaidizi anapoambiwa atoe kipande kwenye maktaba, akitoe hichohicho pamoja na jedwali lake, au asimame aseme ameshindwa. Kabla ya kukiweka kwenye mchoro anionyeshe jina la faili, toleo lake na vipimo alivyovisoma. Na umbo aliloliunda yeye lisipewe kamwe jina la kipande changu, maana nina michoro mingine kumi na minne yenye kiti hicho, na sasa nalazimika kuifungua mmoja mmoja kujua upi ni wangu na upi ni wake.

Nadai pia kurudishiwa ada ya miezi mitatu, gharama ya vifua viwili na ya kukatia bamba upya. Risiti na faili zote mbili, la kwangu na la msaidizi, nimeziambatanisha. Leseni yangu inaisha Oktoba. Kwa sasa nimemzima msaidizi na vipande naviita kwa mkono.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mmiliki na fundi mkuu wa karakana