Idi, punguza mwangwi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Idi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliyeko Dar unasubiri viza ya kwenda Muscat kupiga kinanda hotelini. Nimeona niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu unasema, "Mama, mtandao unakatika," na mimi nakusikia vizuri kabisa.

Ile sauti ya mazoezi uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara nne. Mkono wako wa kulia umepevuka, sikufichi. Nilimwita dada yako aache kuchuja nazi aje asikie ulivyokata kona kabla kiitikio hakijarudi. Lakini mwangwi, Idi! Unapiga noti moja, tano zinaifuata nyuma kama watoto wanaokimbilia gari la harusi. Hao wa Muscat wangekuwa wanalipa kwa noti, ungerudi tajiri.

Ile Juno, kinanda cha baba yako, ilikuwa na korasi mbili tu za kunenepesha sauti, kitufe cha I na cha II, basi. Cha kwanza kinapepea polepole, cha pili haraka zaidi. Hapakuwa na pa kuzungusha, kwa hiyo hapakuwa na pa kuharibu. (Habari ya ilivyouzwa tuiache. Ada ya kidato cha tano ililipwa na wewe ulifaulu. Ingawa aliyeinunua hakunipa hata nusu ya thamani yake, na nilijua siku ileile.) Wewe sasa una nobu ya kasi, nobu ya kina, nobu ya mchanganyiko, na nasikia zote umezifikisha mwisho.

Korasi, mwanangu, ni sauti yako mwenyewe iliyocheleweshwa kidogo sana, kama milisekunde 20, halafu kule kuchelewa kunayumbishwa, nakala ikawa inapanda na kushuka kandokando ya noti yenyewe. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika kama watatu. Ukizidisha kina, nakala inahama mbali na noti. Kwa aliyekaa mezani na soda yake huo ni utamu, kwa mwimbaji ni balaa. Mimi sauti yangu nilikuwa naishika kwenye kinanda. Kinanda kikiyumba, nisimame wapi? Hao waimbaji wako wapya watakuonea haya, hawatakwambia. Wataimba chini ya noti na watalaumiwa wao. Anza kina kikiwa sifuri, panda mpaka uisikie, kisha rudi nyuma kidogo. Hapo panatosha.

Dilei nayo, ule mwangwi unaorudia noti nzima baada ya muda, usiweke kwa kukisia. Hesabu mapigo ya drams kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Ukipata 25, huo ni mwendo wa mapigo 100 kwa dakika. Chukua 60,000 ugawe kwa 100, unapata milisekunde 600. Hilo ni pigo zima, 300 ni nusu yake. Ukiweka 350 kwa sababu ilikunogea chumbani na hedifoni, drams zitakwenda kwao na wewe kwako. Halafu mpiga drams ni binadamu, watu wakianza kutunza mwendo unapanda, na dilei yako imebaki palepale ulipoiacha saa kumi jioni. Kinanda chako kina kitufe cha kugonga mwendo, kigonge upya. Na marudio yawe moja, mawili yakizidi sana.

Ukumbi nao una mwangwi wake wa bure. Sauti inakwenda mita kama 340 kwa sekunde; ukuta ukiwa mita 17 mbele yako, inakwenda na kukurudia ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hujagusa kitu. Sasa hoteli ile kwenye picha ni vigae na vioo vitupu. Mchana mkijaribu mitambo hamna watu, kila kitu kinalia. Usiku watu wakijaa na nguo zao, ukumbi unakauka. Ngoja hapo ndipo uongeze, kama utaona haja.

Usidhani nasema kwa kusikia. Ile miaka yangu ya mwisho jukwaani nilikuwa namkonyeza fundi mitambo aniongezee mwangwi, watu wakadhani ni mapambo. Pumzi ilikuwa imepungua. Mwisho wa ubeti naukatisha, mwangwi unanimalizia. Nikatunzwa vilevile. Usiku mmoja harusini umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, spika zikarudi ila kile kidude cha mwangwi hakikurudi. Nilifika mwisho wa ubeti wa pili, ukumbi mzima ukasikia. Wewe ulikuwa umelala nyuma ya jukwaa juu ya boksi la spika, hukumbuki.

Basi nikisikia mwangwi mwingi swali langu ni moja tu: unaficha nini? Kwenye ile sauti mkono wako wa kushoto siuoni kabisa. Ulikuwa hivyohivyo tangu mdogo, na mimi nilikusifia wa kulia tu kwa sababu ndio uliokuwa unanipigia nyimbo zangu.

Chukua waya za jeki tatu, moja itakufia. Kama wana spika za upande mmoja, chomeka kwenye tundu la L/MONO peke yake, maana korasi ya pande mbili ikikusanywa pamoja huweza kukonda vibaya. Plagi za huko ni za pini tatu kama zetu, usinunue adapta. Beba sweta, kiyoyozi cha hoteli si mchezo.

Tanki la maji limepasuka chini, fundi anataka elfu themanini, nimemwambia asubiri. Dukani kwa jirani kuna deni lako la vocha, nimelilipa, usijibu kuhusu hilo. Paka kazaa tena, safari hii kwenye kabati lako.

Kabla ya Alhamisi nitumie wimbo uleule, korasi umezima, dilei umezima. Ukikosea usirudie, nitumie hivyohivyo. Na mpigie shangazi yako wa Mabawa kumuaga, asije akasema nimekufundisha vibaya.

Mama yako