Kukosekana kwa mawimbi nako ni habari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie habari za sayansi zinazotangazwa kwa kishindo kisha zikaachwa bila kufuatiliwa. Machi 2014, watafiti wa darubini ya BICEP2 iliyokuwa Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wameona alama ya mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, yaliyotokea ulimwengu ulipokuwa unaanza. Mwaka uliofuata, data zao zilipounganishwa na za setilaiti ya Planck ya Ulaya, ilibainika kuwa sehemu kubwa ya alama ile ilitokana na vumbi la galaksi yetu wenyewe. Habari ya kwanza wanafunzi wangu wanaijua; ya pili, ambayo ndiyo yenye somo la fizikia, hawajapata kuisikia.

Mawimbi hayo, kama yalikuwapo, yangeacha mpindo wa pekee katika mielekeo ya mtetemo wa mwanga uliosafiri tangu miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu. Darasani huchukua vioo viwili vya miwani ya jua ya polaroidi, nikaviweka kimoja mbele ya kingine na kukizungusha cha mbele taratibu mpaka balbu inafifia na karibu kupotea, na hapo wanafunzi hukubali wenyewe kwamba mwanga una mwelekeo unaopimika.

Vipimo hivi vina uzito kwa sababu vinaamua kati ya nadharia. Nadharia ya mfumuko (neno lile lile tunalolitumia kwa bei; hapa ni kutanuka kwa ulimwengu kwa kasi kubwa mno mwanzoni kabisa), aliyoichapisha Alan Guth mwaka 1981, inaruhusu mawimbi hayo yawe na nguvu au yawe hafifu. Nadharia ya mzunguko, isemayo kwamba ulimwengu hutanuka na kusinyaa kwa zamu, ya Paul Steinhardt na Neil Turok, ambaye utotoni aliishi hapa Tanzania wazazi wake walipokuwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini, inatabiri kwamba yatakuwa hafifu mno kuonekana kwa njia hii. Yakionekana, nadharia ya mzunguko itakuwa imeanguka. Yasipoonekana, ya mfumuko haifi, ila inazidi kubanwa. Uwiano wa nguvu ya mawimbi hayo na ile ya tofauti za msongamano katika ulimwengu mchanga, ambao BICEP2 waliukadiria kuwa 0.2, ulishushwa mwaka 2021 hadi chini ya 0.036, na baadhi ya mifano rahisi ya mfumuko iliyopendwa kwa miaka mingi ikakataliwa.

Ninaomba, Mhariri, vipimo vipya vitakapotoka, gazeti lako liyachapishe matokeo hata yakiwa ya kukosa, kwa nafasi ile ile ambayo lingeyapa ya kupata, na mwandishi aeleze vumbi limeondolewaje.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro