Vijana wa kijiwe wafundishwe kuzima moto

Mhariri,

Mwaka jana, kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Manzese ilishika moto. Mama mmoja mpangaji alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza, mafuta yakawaka kwenye karai. Waliofika kwanza ni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale kwenye kona. Mmoja alizima swichi kubwa ya umeme, wawili wakautoa nje mtungi wa gesi, wengine wakavunja dirisha na kupokezana watoto. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alichota ndoo ya maji akaimwaga kwenye karai. Moto uliruka hadi darini na mafuta yakamuunguza mikono yote miwili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji, yanafunikwa. Mfuniko wa sufuria ulikuwa hapo hapo pembeni ya jiko.

Vyumba viwili viliteketea. Watu wote walitoka hai.

Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga 114. Nilipoulizwa niko wapi nikaanza kueleza habari za mwembe na duka la mangi, wakati tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mlango wangu una namba. Sikuikumbuka. Gari la zimamoto lilikuja, likaishia kwenye lami, maana uchochoro wetu unapitisha mkokoteni tu. Wa kulaumiwa ni sisi wenye nyumba, tuliosogeza vibaraza mwaka hadi mwaka. Askari walivuta mpira kwa miguu hadi ndani na kazi waliifanya. Lakini hata gari likitoka pale Faya na kuinyoosha Barabara ya Morogoro bila foleni hata moja, moto wa mafuta au wa godoro hauwezi kulisubiri. Zile dakika za mwanzo ni za jirani.

Ndiyo maana nataka wasomaji wako wafahamu namna miji midogo ya Marekani inavyojilinda. Sisi tunadhani kila zimamoto wa kule ni mwajiriwa mwenye mshahara. Sivyo. Karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa nchi ile ni watu wa kujitolea. Katika mji mdogo, kikosi kinaweza kuwa na waajiriwa wachache tu, au kisiwe naye hata mmoja. Waliobaki ni fundi magari, mwalimu, muuza duka, mkulima. Kifaa cha kiunoni kikilia au king'ora kikipigwa, mtu anaacha spana au anaamka kitandani, anakimbilia kituoni. Na mara nyingi haitwi kwa ajili ya moto. Anaitwa kwa mzee aliyeanguka bafuni, mtu aliyebanwa kifua, magari yaliyogongana. Wanaingia shuleni kufundisha watoto, wanapita kwa wazee kufunga vile vifaa vya darini vinavyolia vikinusa moshi. Fedha za vifaa hazitoshi hata kwao, kwa hiyo wanapika chakula na kuwauzia wenzao wa mjini ili kikosi kipate mipira na makoti.

Desturi hiyo ni ya zamani: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama chao cha kuzima moto Philadelphia mwaka 1736. Wala si ya Marekani peke yake, kwani nchini Chile wazimamoto ni wa kujitolea hadi leo. Jambo ninalotaka tulione ni kwamba mtu wa kujitolea hapewi shoka tu akaambiwa aende. Anafundishwa jioni na mwisho wa wiki kwa miezi kadhaa, na anafanya mazoezi mwaka mzima.

Moyo huo sisi tunao tayari. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kifusi kwa mikono na nyundo. Usiku mitaa yetu ina ulinzi shirikishi. Kijiwe cha bodaboda kina watu macho usiku na mchana, wanaojua kila uchochoro na kila nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kutembea. Sioni kikosi cha mtaa kingeanzia wapi kama si hapo.

Naliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na ofisi za Serikali za Mitaa, waandae vijana wachache katika kila mtaa uliobanana kama wetu. Wafundishwe kufunika moto wa mafuta, kukata umeme, kufunga gesi, kutambaa chini ya moshi, kumhudumia aliyeungua, na kuelekeza gari kwa namba ya nyumba. Ofisi ya mtaa itunze mitungi ya kuzimia moto, ngazi, shoka, glovu na ndoo za mchanga, na ufunguo uwe kwa mtu anayelala karibu. Sisi wakazi tuchangie. Misiba na harusi tunachangia kila mwezi, hili halitatushinda.

Na kijana akiumia akiokoa nyumba ya mwenzake, asiachwe ajitibu mwenyewe. Yule wa kwetu alikaa wiki kadhaa bila kuendesha, bosi wa pikipiki anadai hesabu yake, na dawa zilinunuliwa kwa mchango wa daftari uliopitishwa nyumba kwa nyumba. Iliniuma sana kuona hivyo.

Nimezungumza na mwenyekiti wa mtaa wetu, amekubali kutoa uwanja Jumamosi yoyote. Kijiweni wamejiandikisha vijana kumi na wanne, na jina la kwanza kwenye orodha ni la yule aliyeungua mikono. Tunachosubiri ni mkufunzi.

Msomaji wako,
Manzese, Dar es Salaam