Unene wa plastiki hautoshi ndani ya ombwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja katika makala ya ukurasa wa sayansi iliyowaelekeza walimu na wanafunzi namna ya kujitengenezea chombo cha ombwe cha kuonyeshea umeme wa msongo mkubwa. Mwandishi alisema kwamba, kwa kuwa ombwe halina hewa ya kupitisha cheche, inatosha kutenganisha vyuma viwili kwa plastiki nene. Nimekuwa fundi wa maabara kwa miaka mingi, na ushauri huo unanitia hofu.

Ni kweli kwamba ombwe safi huzuia umeme kuliko hewa, ambayo hushindwa kwenye takriban kilovolti 3 kwa milimita. Ni kweli pia kwamba akriliki, ile plastiki angavu tunayoiita pespeksi, huhimili mara kadhaa ya kiasi hicho kabla ya kutoboka. Lakini vikikutana viwili hivyo, umeme hauipasui plastiki wala haukatizi katikati ya ombwe, bali hutambaa juu ya ngozi ya plastiki, tena kwa msongo mdogo kuliko ule ambao kila kimoja kingeuhimili peke yake kwa umbali uleule.

Chanzo ni ukingo mwembamba ambapo chuma cha upande hasi, plastiki na ombwe hugusana. Ukibaki hapo mwanya hata usioonekana kwa macho, nguvu ya umeme hujilimbikiza na kung'oa elektroni kwenye chuma. Elektroni hizo huipiga plastiki na kutoa nyingine zaidi, na uso wa plastiki, ukiachwa na chaji chanya, huzidi kuzivuta. Mapigo hayohayo hubandua gesi na unyevu vilivyonata juu yake, na ndani ya gesi hiyo cheche hupata njia.

Niliwahi kuona nguzo ya pespeksi, nene kama kidole gumba, iliyofungwa kwa mikono mitupu. Uliwaka mwanga wa buluu mara moja tu. Tulipofungua chombo tukakuta mstari mweusi wenye matawi kama mizizi ya mkoko, umepita juu ya alama za vidole. Nguzo haikutoboka popote, lakini haikufaa tena, kwa sababu masizi yale hupitisha umeme. Iliyofuata tuliichonga kwa umbo la koni iliyokatwa ncha, kitako kipana kikae upande hasi na ubavu uiname kwa nyuzi 45, ili elektroni zinapotoka zielekee mbali na plastiki. Pete za polistirini, plastiki ya aina nyingine, za mashine ya Z, mtambo mkubwa wa kutoa mipigo ya umeme katika maabara za Sandia, Albuquerque, Marekani, nazo zimechongwa kwa pembe hiyohiyo.

Makala yaongezewe basi kwamba plastiki ioshwe kwa sabuni laini na maji, isifutwe kwa spiriti ambayo huitia pespeksi nyufa, ishikwe kwa glavu, ikaushwe, iachwe ndani ya chombo kikivutwa hewa kwa saa nyingi, kisha msongo upandishwe kidogo kidogo. Zaidi ya yote, wanafunzi wasikae karibu: kwa msongo wa makumi ya kilovolti, elektroni zinazogonga chuma ndani ya ombwe hutoa eksirei, na pespeksi, hata ikiwa nene, si kinga ya kutegemewa dhidi yake.

Fundi wa maabara,
Morogoro