Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, chama chetu cha sinema Kigoma

Wanachama wenzangu habari zenu, poleni na mvua na poleni na umeme. Najua wengi mnataka kusikia ya hela tu kwahiyo naanza nayo: ada zimeingia kiasi, kodi ya kibanda pale Mwanga imelipwa, mafuta ya jenereta ndo yametumaliza, risiti ziko kwa mweka hazina mwenye shaka akamuone.

Sasa muvi. Tulikubaliana mwaka huu tuonyeshe za uonevu na utawala wa mabavu, wengine mkanuna eti watu wanataka ngumi na za Kihindi. Kiukweli ile Battle of Algiers ya 1966 ilitushinda, picha haina rangi, maandishi ya chini Kiingereza, watu wakatoka mmoja mmoja mpaka tukabaki kamati. Na ni muvi kali jamani, Saadi Yacef aliyekuwa kiongozi wa FLN, chama cha kupigania uhuru wa Algeria toka kwa Mfaransa, kwenye vita yenyewe kaigiza humo humo, na Ufaransa waliipiga marufuku miaka kadhaa. Ila mtu haelewi kinachosemwa utamlazimisha akae?

Tulivyomleta mtafsiri wa kutia sauti juu ndo mambo yakachangamka. Camp de Thiaroye ya 1988, ya Sembène Ousmane na Thierno Faty Sow, askari wa Kiafrika wameipigania Ufaransa wakawa mateka wa Wajerumani, wanarudi Senegal 1944 wanadai chao, wakubwa wanawaambia faranga zenu tunazibadilisha kwa nusu ya bei. Hapo kibanda kilichemka! Nani huku hajawahi kupunjwa kwenye kubadilisha faranga za Burundi au za Kongo? Mama mmoja muuza dagaa alisimama akamtukana jenerali kwa Kiha. Halafu yule askari bubu, Pays, yuko lindo usiku, anaona vifaru vya Wafaransa vinakuja anakimbia kuwaamsha wenzake, wao wanadhani akili bado iko kwenye kambi ya Wajerumani wanamwambia akalale. Mtafsiri hapo alinyamaza kabisa na nampa hongera, maana kwenye Lumumba ya Raoul Peck, ya yule waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alituaibisha, alipiga utani mpaka kwenye kuuliwa kwake, wakati mbele wamekaa wazee wa Kikongo na Katanga, jimbo alikouliwa, enzi hizo ilifika mpaka hapo ng'ambo ya ziwa. Hawakucheka, na wiki iliyofuata hawakuja. Kamati imeenda kuwaomba radhi, na kuanzia sasa mtafsiri anaiangalia muvi kwanza peke yake na posho tumemuongezea, kazi yake sio ndogo.

Mwakani nataka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, Zanzibar ya mkoloni, Kiswahili chenyewe kwahiyo mtafsiri apumzike. Ila tunaomba ruhusa kwa wenyewe kwanza, habari za kuokota flashi mtaani siziruhusu.

Uchaguzi unakuja, anayetaka uenyekiti ajitokeze, na ajue projekta anaibeba yeye.